Kamamba Ketu

Jumanne, 4 Februari

Kipindi cha tatu, kidato cha pili B. Mada: utando wa chakula, nani anamla nani. Nimewapelekea sangara mzima kutoka mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, ndani ya mfuko wa sandarusi. Darasa lilinuka. Wa mbele waliziba pua, wa nyuma wakapanda juu ya viti waone. Hakuna aliyesinzia. Kwa darasa lile huo ni muujiza.

Nikampasua tumbo mbele yao. Furu wawili ndani, samaki wadogo wa ziwani, wazima kabisa, wamemezwa kichwa kikitangulia. Mmoja bado ana rangi. Nikawaambia waandike: samaki hana mikono, hana kisu, anameza. Sangara mchanga anakula uduvi. Akikua kidogo, dagaa. Akikua zaidi, furu. Akiwa mkubwa anakula hata wanawe. Kila mwili unapoongezeka, na mlo unaongezeka. Lakini hawezi kula kinachozidi mdomo wake. Mdomo ndio mpaka. Wameandika kwa herufi kubwa, na mimi nikajisikia mwalimu kweli.

Sangara mwenyewe nimemkaanga. Mama kapiga simu mikono yangu ikiwa na magamba. Kasema Kamamba kamekula bata wa jirani, mzima mzima, mbele ya mwenyewe. Akacheka. Nami nikacheka. Kamekua, akasema, zamani kalikuwa kanahangaika na vyura.

Sisi watu wa Mara kila kitu kidogo tunakitia ka. Katoto, kambuzi, kamvua. Wenzangu wanaofundisha Kiswahili hunisuta ofisini. Lakini huyu mamba alipokuja kwenye jiwe letu, pale tunapochota maji, alikuwa na urefu wa mkono wangu. Mama akamwita kamamba. Ungemwitaje kingine?

Jumapili, 9 Februari

Misa ndefu. Padri kahubiri juu ya uvumilivu mpaka tukavumilia kweli.

Mama tena kwenye simu. Mbwa wake kapotea. Alikwenda kunywa maji, haonekani. Mama hajui la kufikiri. Mimi najua. Bata, halafu mbwa.

Sikumwambia. Nilimuuliza tu nani anachota maji siku hizi. Akashangaa swali. "Mimi, nani mwingine? Bomba la kijiji si lilishakauka."

Jumamosi, 22 Februari

Nimekwenda kijijini. Musoma hadi Bunda kwa basi, kisha bodaboda hadi ziwani. Nina vumbi mpaka masikioni.

Nimemwona. Alikuwa juu ya jiwe, mdomo wazi, anaota jua. Anakaribia urefu wa mtumbwi. Mgongo wake ni mpana, mtu angeweza kuuketia. Nimeuliza watu pale, hiki ni nini? Wakanijibu bila wasiwasi, Kamamba ketu hako. Watoto walikuwa wanaoga upande wa pili wa jiwe.

Wao wanamwona kila siku, kwa hiyo hawamwoni. Ni sawa na mtoto. Anayeishi naye hajui amekua, mpaka mgeni aje aseme. Mgeni ni mimi. Nimesema. Wamenicheka.

Mama ndiye ananitia hofu. Mama ni mfupi, mwembamba, viatu vyake ni vya mwanafunzi wa darasa la tano. Akiinama kuchota, unaona kanga tu na mgongo mdogo.

Magesa kanisindikiza hadi barabarani. Mdogo wangu huyu, kitinda mimba, ndiye kawa jitu. Anainama kupita kila mlango. Shule ilimshinda, jembe halijamshinda. Tangu mkewe arudi kwao Butiama anaishi na Mama. Nikamwuliza kama haogopi. "Dada, hako kamamba hakana neno. Kanalalaga tu. Wewe umekaa mjini sana." Nimekasirika njia nzima. Nikikasirika nasahau kuogopa, angalau.

Jumatatu, 24 Februari

Mwenyekiti wa kitongoji anasema ameshapiga simu Bunda, kwa watu wa wanyamapori. Nikamwuliza aliwaambia nini. "Niliwaambia kuna kamamba kanatusumbua, Mwalimu."

Kamamba. Amepiga simu ya serikali akasema kamamba.

Ijumaa, 28 Februari

Nimeomba ruhusa shuleni, nimekwenda Bunda mwenyewe. Ofisini nimemkuta kijana mstaarabu. Kaniketisha, kaninunulia soda. Akasema taarifa ipo, ya mamba mdogo. Nikasema si mdogo. Akasema waliopiga simu ni wenyeji, wao ndio wanaomwona. Nikasema mimi pia ni mwenyeji. Akanitazama viatu.

Halafu akauliza, "Ameshakula mtu, mama?"

Nikasema bado.

Akashusha pumzi. Nilimwona. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyepunguziwa kazi. Akaeleza kwamba wana tembo wanaotoka hifadhini, wanamaliza mihogo ya watu, wananchi wamefunga barabara, gari lao ni hilo moja na sasa halina magurudumu. Simlaumu. Tembo anaonekana. Mamba unaona pua mbili na macho, basi, mengine yako chini ya maji.

Wanasubiri amle mtu ndipo aitwe mkubwa. Nimekunywa soda yao yote kwa hasira.

Alhamisi, 6 Machi

Mbuzi. Wa Mama mwenyewe, yule jike mweusi.

Mbuzi jike mkubwa. Nimekaa nikafikiria vibaya, siwezi kujizuia. Bata, mbwa, mbuzi. Sangara hufanya hivyo hivyo, anapanda ngazi. Nini kinakuja baada ya mbuzi? Mama hamzidi mbuzi yule kwa mengi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemhamisha. Nimefika asubuhi, nimefunga nguo zake kwenye kitenge, nimempeleka Nyamuswa kwa Mjomba. Ndiko alikozaliwa. Kuna ng'ombe, kuna mashamba, ziwa liko mbali. Kuna bomba uani.

Hakubisha. Tulipofika akaomba maji ya kunywa, akaonja, akaweka kikombe chini. Mjomba kafurahi kumpata dada yake, kamchinjia kuku.

Nimerudi kwangu Nyasho, Musoma, mwepesi. Nimefua, nimepiga deki, nimeimba. Jirani kauliza kama nimepata mchumba.

Jumapili, 16 Machi

Katoroka! Mama yangu, mtu mzima, kawaaga anakwenda misa ya kwanza, kapanda basi na rozari mkononi. Mjomba kanipigia akilia. Mama nimempata kwa simu jioni, yuko nyumbani kwake, anapika.

Nilimfokea. Sijawahi kumfokea Mama. Akaniacha nimalize. "Maji ya Nyamuswa yananuka kutu, mwanangu. Nilikuwa naoga lakini sijaoga. Na Magesa nani anampikia?"

Nikasema Kamamba atamla. Akasema, "Hako nimekaona kakiwa kadogo." Kana kwamba wamekubaliana. Kana kwamba mamba anakumbuka wema.

Nimekata simu. Nachukia ziwa. Nachukia bomba lililokauka. Najichukia na mimi kwa kukaa huku mjini natoa amri kwa simu.

Jumanne, 25 Machi

Nimepata njia. Imenijia nikiwa nasahihisha majaribio. Mwanafunzi mmoja kaandika, "Anayetaka asiliwe na awe mkubwa." Nilitaka kumkosoa. Nikaacha. Yuko sawa.

Magesa.

Kwa nini achote Mama, mtu wa kimo cha mbuzi, wakati kuna mtu wa kimo cha mlango? Nimempigia hapo hapo, ofisini, mbele ya wenzangu. Kwanza akacheka. "Dada, mwanaume achote maji? Watanisema." Nikamweleza habari ya sangara na furu, mdomo ndio mpaka. Nikamwambia hata Kamamba akipanua mara mbili, wewe hupiti pale. Anachagua kinachomwenea. Wewe unamzidi. Hatathubutu.

Akasema, "Kwa hiyo mimi ni tembo."

Nikasema ndiyo, wewe ni tembo.

Kampenda huyo tembo. Kakubali. Atachota asubuhi na jioni, madumu mawili mawili kwenye baiskeli, na Mama hatasogea ziwani. Nimemwapisha.

Nimelala mchana, usingizi wa mtoto. Sikumbuki mara ya mwisho kulala hivi.

Jumapili, 30 Machi

Magesa anatimiza. Kijiji kizima kinamtania. Wanawake wanampigia vigelegele akipita na madumu, wanamwita Bibi Harusi. Yeye anawajibu kwa kucheza kiuno. Mama anasema hajacheka hivi tangu mkewe aondoke.

Mimi nilifanya hivyo. Niandike tu, hakuna anayesoma: najivunia.

Alhamisi, 10 Aprili

Ndama. Alikuwa wa mwenyekiti. Wamekwenda kunywesha, maji yakavurugika, ndama hayupo. Baadaye wamekuta mguu mmoja umekwama kwenye matete, na utumbo.

Ndama ni mkubwa kuliko mbuzi. Ngazi nyingine. Nimekaa kitandani na nguo za kazi. Halafu nikahesabu upya kwa utulivu. Magesa anamzidi ndama wa miezi michache. Anamzidi kabisa. Na ndama ni mnyama, hana akili ya kuangalia.

Mwenyekiti kapiga tena simu Bunda. Nilimwambia aseme mamba, asiseme kamamba. Kasema nimechelewa kumkumbusha, mdomo umezoea.

Magesa bado mkubwa. Nimetulia.

Jumatatu, 21 Aprili. Pasaka

Niko kijijini tangu Ijumaa Kuu. Mama katengeneza ndizi na nyama. Magesa kala mara tatu, kisha kauliza kama wengine tumeshiba.

Jioni nilimfuata ziwani nimwone. Wanawake huchota ukingoni. Dumu linasimama mchangani, wewe unasogeza bakuli, unachota, unamimina, unachota, unamimina. Inachukua muda, mgongo unauma, lakini miguu ni mikavu. Magesa hana subira hiyo. Yeye anavua ndala, anaingia mpaka mapajani, anainama, anazamisha dumu zima kwa mikono miwili, bubu, bubu, bubu, limejaa. Dakika haipiti. Kanigeukia akitabasamu, maji yanamchuruzika mikononi. Mtu mkubwa sana. Jua lilikuwa mgongoni kwake na kivuli chake kilinifikia mimi nchi kavu.

Kamamba hakuwa jiweni. Nilifikiri, amemkimbia.

Nyumbani Mama akasema, "Anaingia mbali mno. Sisi tunachotaga ukingoni." Nikamwambia Mama, wacha. Yule haliki. Nilisema hivyo hivyo, yule haliki, nikamega ugali.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua kubwa. Ziwa limechafuka, dagaa wamekuwa adimu sokoni. Mitihani ya nusu muhula inakaribia na dawa za maabara hazipo. Hakuna jipya kutoka nyumbani. Nimenunua kitenge cha Mama.

Jumatano, 7 Mei

Magesa.

Alhamisi, 8 Mei

Nilikuwa darasani. Simu ilitetemeka mara nyingi mfululizo, nikatoka nje kumkaripia anayepiga. Alikuwa mwenyekiti. Kaniambia Mwalimu, njoo. Nikauliza Mama? Akasema hapana, Mama yuko salama.

Nilifurahi. Kwa pumzi moja nilifurahi. Lazima niliandike hili kwa sababu ndilo linalonitafuna. Halafu akasema jina.

Baiskeli ilikuwa pale mchangani, dumu moja limeshafungwa kwenye keria. La pili linaelea katikati ya matete. Mwanamke aliyekuwa anafua kule jiweni aliona. Anasema hakupiga kelele, Magesa. Aliinama, akazamisha dumu, na hakuinuka.

Ijumaa, 9 Mei

Wavuvi wamempata. Hakuwa mzima. Sitaandika zaidi ya hapo.

Jumamosi, 10 Mei

Tumezika nyuma ya zizi. Sanduku lilikuwa la kawaida, la mtu wa kawaida, na halikujaa. Wabebaji walilinyanyua kwa urahisi wakatazamana. Mama aliliona hilo. Kila mtu aliliona.

Mkewe kaja kutoka Butiama na ndugu zake. Kalia kuliko sisi sote. Watu wamesema maneno juu yake, mimi sikumsema. Angalau yeye hakumpa Magesa ushauri.

Jumatatu, 12 Mei

Matanga. Watu wamejaa, mikeka mpaka chini ya mti wa pamba pori. Nimejificha kwenye chumba chake naandika. Kitanda chake kimebonyea katikati.

Nimefahamu nilipokosea. Nimefahamu kwa ukamilifu, kama hesabu iliyosahihishwa kwa wino mwekundu. Furu walikuwa wazima tumboni. Ndama hakuwa mzima. Mguu ulikutwa kwenye matete, na niliambiwa, na niliandika kwa mkono wangu, kisha nikasema nimetulia. Samaki anameza. Mamba hamezi mtu, mamba anashika. Anashika popote, mkono, paja, anavuta chini, anazungusha, anakata. Mdomo kwake si mpaka. Unahitaji tu kutosha mkono.

Na tena, kimo gani? Nilimpima akiwa amesimama mlangoni. Mamba hakumwona mlangoni. Alimwona ameinama, uso umegusa maji, mikono yote miwili imeshika dumu. Mtu akiinama majini hana kimo. Mama kwa bakuli lake la ukingoni alikuwa salama kuliko tembo wangu.

Nilimtoa Mama ukingoni nikamweka Magesa katikati ya maji. Nikamwita tembo ili akubali.

Jumanne, 13 Mei

Watu wa wanyamapori wamefika. Gari lina magurudumu sasa. Kijana wa soda alikuwemo. Alivua kofia.

Akamwuliza mwenyekiti kwa nini walisema mamba mdogo. Mwenyekiti akasema hawakusema mdogo, walisema kamamba. Kijana akasema, "Ndiyo, baba, kamamba ni mamba mdogo." Mwenyekiti akapandisha sauti, mzee wa watu, machozi yanamtoka. "Ni jina lake! Mimi mwenyewe wananiitaga Kadogo mpaka leo, na nina wajukuu!"

Hakuna aliyecheka. Siku nyingine tungecheka mpaka tuanguke.

Alhamisi, 15 Mei

Wamempiga risasi. Wamemburuta kwa kamba, wanaume kadhaa, mpaka mchangani. Watu wamekwenda kumtazama, wengine wamemkanyaga, wengine wamepiga picha. Wanasema ndiye. Wengine wanasema siye, Kamamba alikuwa na kovu. Wanawake wawili nusura wapigane juu ya kovu.

Nilikwenda. Nilimtazama mdomo. Meno hayakutani vizuri, yametoka nje yamepishana, hayatafuni kitu. Yameumbwa kushika tu. Yalikuwa pale wazi miaka yote, juu ya jiwe, mdomo wazi, anaota jua.

Mama hakwenda. Alikuwa anachambua maharage.

Jumatatu, 19 Mei

Nimebaki na Mama, wengine wameondoka. Jirani zetu wanatuletea maji kwa zamu.

Nimemwambia leo. Nimepiga magoti jikoni nikamwambia yote, mimi ndiye nilimtuma, nilimwambia haliki, nilimpigia simu mbele ya wenzangu. Nilitaka anipige. Aliendelea kukoroga.

"Ninajua," akasema. "Alinieleza mwenyewe, habari ya sangara. Alifurahi." Halafu akafunika chungu. "Ulitaka mimi nipone. Nimepona."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningeweza kuishi nalo.

Alhamisi, 22 Mei

Nimerudi Musoma kazini. Kidato cha pili B wamesimama wote nilipoingia, kiranja kasema pole kwa niaba ya darasa. Mada bado ile ile. Hatukuimaliza. Nimewaambia wafungue daftari. Mdomo ndio mpaka, kwa herufi kubwa, kila daftari, wengine wamepiga mstari kwa rangi.

Nikawaambia wafute. Wakauliza waandike nini badala yake. Nimesimama pale na chaki mpaka kengele.

Jumapili, 25 Mei

Sikwenda misa.

Alhamisi, 29 Mei

Mkuu wa shule kanishauri nichukue likizo mapema. Kasema kwa upole. Nafikiri wanafunzi wamelalamika. Nimekuwa nikikaa kimya vipindi vizima. Sijali. Napenda nijali, lakini sijali.

Nimemwomba Mama aje Nyasho tuishi wote. Bomba liko ndani. Hakukasirika, hakucheka. Kasema Magesa atabaki na nani.

Jumanne, 10 Juni

Niko kijijini tangu shule ifungwe. Pamba imeanza kupasuka. Mke wa Magesa kaja kusaidia kuvuna, kakaa siku mbili, kaondoka na shati lake moja. Mama kampa.

Majirani wamechoka kutuletea maji. Hawajasema, ila madumu yanakuja nusu, halafu hayaji. Wana nyumba zao.

Asubuhi Mama kachukua ndoo na bakuli. Hakuniaga, hakunificha. Kajifunga kanga vizuri, kaweka kata ya kitambaa kichwani, katoka. Nilikuwa nimekaa mlangoni napepeta mchele. Nilitaka kumwambia kitu. Nilitafuta nimwambie nini, achotee upande gani, asimame vipi, atazame wapi kwanza. Sikupata. Mambo yote niliyoyajua nimeshayasema, na aliyenisikiliza tumemzika.

Sikumzuia. Mihogo imekua, njia ya ziwani haionekani kutoka mlangoni. Nilisikiliza. Kuna mtu alikuwa anafua huko, nguo zinapigwa juu ya jiwe. Kuna kuku. Mchele ulikuwa safi tangu zamani, nikaendelea kupepeta.

Karudi. Ndoo imejaa. Nimeinuka nikamtua. Kakaa kwenye kizingiti, kavua ndala, miguu yake mikavu. Kasema maji leo yametulia, nibandike uji.

Nimebandika.